Tumbo halikutoka kama nilivyoahidiwa: nani alipie kurudia upasuaji?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo na kunyonya mafuta ubavuni katika kliniki binafsi. Nililipa milioni tisa, nusu yake mkopo wa kikoba. Kabla ya upasuaji dada wa mapokezi aliniandikia WhatsApp: "Usiwaze dada, tumbo litakuwa bapa kama la kabla ya kuzaa." Sasa kovu limekwenda upande, kwenye nyonga ya kulia kuna nyama imechomoza kama sikio, na kitovu naona hakiko katikati. Nimerudi mara mbili. Daktari anasema ni hali ya kawaida na kwamba sikuvaa mkanda wa kubana ipasavyo. Kurekebisha wanataka milioni tatu na nusu. Nikilalamika wananionyesha fomu niliyosaini asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimeshavaa gauni la kijani na dripu iko mkononi. Mume wangu anasema niliyataka mwenyewe. Kisheria, nani anabeba gharama hii?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na la mumeo, maana wanawake wengi wanaokuja ofisini kwangu na shauri kama lako wanaanza kulia wakifika hapo, hata kabla hawajafikia kovu. Kutaka upasuaji si kutaka kuharibiwa. Sheria haina daraja la chini kwa mgonjwa aliyekwenda kwa hiari yake. Daktari anayekukata tumbo kwa ajili ya umbo anadaiwa uangalifu uleule anaodaiwa anayemtoa mtu kidole tumbo. Mimi nasema hata zaidi kidogo, kwa sababu hakuna dharura inayomkimbiza. Ana muda wote wa kukueleza, kukupima, na kukwambia hapana.

Hata hivyo nisikufiche. Kutoridhika peke yake hakumlazimishi mtu mwingine alipe. Gharama inakaa kwako mpaka uonyeshe sababu ya kuihamisha, na sababu zenyewe si nyingi: mkono wa daktari ulikosea, au hukuelezwa jambo ulilostahili kuelezwa, au uliahidiwa kitu kwa maneno ya wazi na hukukipata. Madai yako matatu, yaani kovu, nyama na kitovu, hayana uzito sawa, kwa hiyo tuyatenganishe.

Kuhusu mkono. Kipimo wanachokitumia majaji wetu kimetoka Uingereza, katika kesi ya Bolam ya 1957: je, daktari alifanya kama ambavyo daktari mwenye ujuzi wa fani hiyohiyo angefanya? Hakiangalii kama matokeo yamependeza. Ngozi ina tabia zake. Kovu la tumbo hubadilika rangi na unene kwa mwaka mzima, pengine mwaka na nusu, na ngozi nyeusi huota makovu yanayovimba zaidi kuliko ngozi nyeupe, hata pale daktari aliposhona vizuri. Kwa hiyo kovu kuwa jekundu au nene miezi saba baada ya upasuaji hakukupi kesi.

Kovu kwenda upande ni habari nyingine. Daktari bingwa mmoja aliyewahi kunisaidia kama shahidi alinifundisha swali ambalo tangu hapo namuuliza kila mteja: alikuchora kwa kalamu ukiwa umesimama au umelala? Mistari ya kukata tumbo huchorwa mgonjwa akiwa wima, kabla ya nusukaputi, kwa sababu ukilala nyama huhama. Jaribu kukumbuka. Kama ulichorwa ukiwa kitandani, andika hilo leo, maana baada ya mwaka mmoja kumbukumbu haitakuwa na nguvu mbele ya hakimu.

Nyama iliyochomoza kama sikio hutokea pale mwisho wa kovu panapobaki ngozi ya ziada. Ni jambo linalojulikana, na mara nyingi halihesabiwi kuwa uzembe. Ila mara nyingi pia hurekebishwa kwa ganzi ya sehemu, mgonjwa yuko macho, na jioni anarudi nyumbani. Ndiyo maana hiyo milioni tatu na nusu imenishtua. Waombe mchanganuo wake: kiasi gani ni cha daktari, kiasi gani ni cha chumba cha upasuaji, kiasi gani ni cha mtaalamu wa usingizi, kiasi gani ni cha vifaa na dawa. Kama wanakutoza nusukaputi kwa kazi ya ganzi ya sehemu, utakuwa umeshinda mabishano nusu kabla ya kufika mahakamani.

Kitovu nacho, kabla hujakilalamikia, omba picha walizokupiga kabla ya upasuaji. Watu wengi kitovu chao hakiko katikati kabisa tangu kuzaliwa, na wengi hugundua hilo baada ya upasuaji, wanapoanza kujitazama kwenye kioo kila asubuhi. Kama kwenye picha ya zamani kilikuwa palepale, liache dai hilo. Dai moja la uongo, hata la bahati mbaya, huyadhoofisha yale mawili ya kweli.

Na huo mkanda. Wanasema hukuuvaa. Mgonjwa akikaidi maelekezo, kweli anabeba sehemu ya lawama. Lakini maelekezo yenyewe yako wapi? Tafuta karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kama haisemi mkanda uvaliwe kwa wiki ngapi na saa ngapi kwa siku, shutuma yao haina pa kusimamia. Isitoshe, mkanda husaidia kupunguza uvimbe na maji yanayojikusanya chini ya ngozi. Waulize, kwa maandishi, kutouvaa kulihamishaje mstari wa kisu.

Sasa tuje kwenye fomu, ambayo wanaipepea kama hati ya nyumba. Fomu ya ridhaa ina kazi mbili tu: inaonyesha kuwa hukukatwa bila kukubali, na inaonyesha ni hatari zipi ulielezwa ukazipokea. Haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi vibaya. Hata kama imeandikwa kwamba "mgonjwa hatadai chochote", maneno hayo hayamsafishi daktari mzembe.

Tena Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 13, inasema watu wanakuwa wamekubaliana pale wanapokubali jambo moja kwa maana moja. Wewe ulipewa kalamu ukiwa na dripu mkononi, hela umeshalipa, watoto umewaacha kwa mama mkwe. Kama fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi ninazoziona, na hakuna aliyekaa nawe kukueleza kwamba ngozi inaweza kubaki pembeni au kovu linaweza kwenda upande, basi fomu hiyo inathibitisha sahihi yako tu. Haithibitishi kwamba ulielewa.

Hapa kuna kesi ambayo mawakili wengi wa fani hii wanaitegemea, ya Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, Montgomery. Mama mjamzito wa Uskoti mwenye kisukari hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama wakati wa kujifungua. Daktari wake aliona si lazima kumwambia. Mahakama ilisema kinachopimwa ni kile ambacho mgonjwa mwenye busara, akiwa katika hali ile, angetaka kukijua, na daktari hana haki ya kumchagulia kwa kunyamaza. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu siku hizi, lakini wanazisoma na wanaziheshimu. Kwa upasuaji wa urembo hoja hii ina uzito wa pekee: ungeambiwa ukweli, ungeweza kuondoka zako na milioni tisa mfukoni. Utahitaji kuonyesha hivyo hasa, kwamba ungeambiwa usingekubali, au ungekwenda kwa mwingine.

Ufaransa wameliwekea jambo hili sheria. Kabla ya upasuaji wa urembo mgonjwa hupewa mchanganuo wa gharama kwa maandishi, kisha lazima zipite siku 15 kamili kabla ya kisu. Natamani Bunge letu lifanye hivyo kesho. Siku 15 zingezuia nusu ya machozi ninayoyaona.

Sasa ule ujumbe wa WhatsApp. Usiufute. Usibadilishe simu bila kuuhifadhi. Huenda ndio kitu chenye thamani kuliko vyote ulivyo navyo.

Mwaka 1973 huko Massachusetts, Marekani, iliamuliwa kesi ya Sullivan dhidi ya O'Connor. Mwanamke mtumbuizaji wa jukwaani alitaka pua yake ipunguzwe na ipendeze. Daktari alimwahidi kazi itakwisha kwa upasuaji mara mbili. Zikawa tatu, na pua ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Alishtaki kwa sababu mbili: uzembe, na kuvunja ahadi. Baraza la wazee wa mahakama lilikataa dai la uzembe, likakubali la ahadi. Alikuwa amelipa dola 622.65 za daktari na hospitali. Akapewa dola 13,500. Fidia hiyo ilihusu gharama alizotumia, hali ya pua kuharibika zaidi, na maumivu ya ule upasuaji wa tatu ambao haukuwa kwenye makubaliano.

Soma tena hapo, dada. Daktari hakuonekana mzembe, na bado alilipa, kwa sababu aliahidi. Lakini majaji wale waliweka tahadhari: daktari mwaminifu ni nadra kuweza kuahidi matokeo mahususi, na mgonjwa aliyevunjika moyo anaweza kuyageuza maneno ya kumtia moyo yakawa ahadi kichwani mwake. Kwa hiyo ushahidi wa ahadi lazima uwe wazi. "Utapendeza" ni maneno ya kutia moyo. "Tumbo litakuwa bapa kama la kabla ya kuzaa" yamekaribia sana ahadi. Wao watajitetea kwamba aliyeandika ni dada wa mapokezi, si daktari. Jibu lake ni kwamba alikuwa anatumia namba ya kliniki, kwa kazi ya kliniki, akivuta mteja wa kliniki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kuwapotosha wateja, na kliniki inayouza upasuaji ni mfanyabiashara kama wengine. Angalia pia ukurasa wao wa Instagram. Kama siku ile walikuwa na tangazo la "matokeo ya uhakika", lipige picha kabla halijaondolewa.

Sasa nikupe jambo ambalo ningependa kila anayefikiria upasuaji huu alisikie kabla hajalipa shilingi. Ugomvi wa aina hii karibu siku zote ni ugomvi wa upasuaji wa pili. Wa kwanza watu wamekubaliana bei. Wa pili hakuna aliyeutaja, kwa sababu kuutaja ni kama kuleta nuksi. Na pale unapotajwa, unatajwa kijuujuu: "Tukihitaji kurekebisha, marekebisho ni bure." Mteja anasikia bure. Daktari anamaanisha ujira wake yeye. Chumba cha upasuaji, usingizi, vipimo, dawa na kitanda bado utalipia, na hivyo ndivyo vinavyokula hela. Bima nazo nyingi hazilipii upasuaji wa urembo, na nyingine zinakataa hata matatizo yaliyotokana nao. Kidonda kikiingia uchafu wiki ya pili, mtu anajikuta analipa kulazwa kwa fedha taslimu.

Kwa hiyo rudi kwenye risiti na makaratasi yako. Kuna neno lolote kuhusu marekebisho? Kama lipo, hata sentensi moja, tuanzie hapo. Kama halipo, wao pia hawana pa kuonyesha kwamba ulikubali kulipia.

Umeuliza nani, na mimi nimekuwa nikisema "wao". Tuwatenganishe. Kliniki nyingi za urembo humwita daktari anayekuja kwa siku, anafanya upasuaji, anaondoka. Ukidai, kliniki inasema daktari si mwajiriwa wetu, na daktari anasema mkataba ulikuwa na kliniki. Usikubali kurushwa hivyo kama mpira. Mwaka 1951 Uingereza, katika kesi ya Cassidy, mtu aliingia hospitali kwa vidole viwili vilivyokakamaa akatoka na vinne vilivyokakamaa na mkono usiofaa kitu. Mahakama ilisema hospitali ndiyo ieleze ilikuwaje, na kwamba haiwezi kukwepa kwa kusema daktari ana utaalamu wake asiyeamrishwa. Risiti yako ina jina la nani? Kama ni la kliniki, na daktari alichaguliwa na wao, dai lako linakwenda kwa wote wawili, waachie wenyewe wagawane.

Ingekuwa hospitali ya umma, mfano Mloganzila ambako huduma hizi za urembo sasa zinatolewa, ungelazimika kwanza kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Kwa kliniki binafsi sharti hilo halipo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Istanbul, kwa kuwa wengi wanakwenda huko. Mahakama za Uturuki zinauchukulia upasuaji wa urembo kama mkataba wa kazi: daktari anadaiwa matokeo, karibu kama fundi wa nyumba. Kwenye karatasi mgonjwa ana nguvu kuliko hapa. Ila shauri linafunguliwa kule, kwa lugha ya kule, na nyuzi zikifumuka ukiwa umeshatua Julius Nyerere, anayekuhudumia usiku huo ni daktari wa Dar na anayelipa ni wewe.

Na usidhani mwenye kosa akijulikana basi fedha imepatikana. Kampuni ya Kifaransa ya PIP ilitengeneza matiti bandia kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Yaligunduliwa mwaka 2010, kampuni ikafilisika, na mwanzilishi wake Jean-Claude Mas akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Wanawake walioathirika walikuwa mamia ya maelfu. Serikali ya Ufaransa ililipia kuyatoa, lakini kuweka mengine ililipia wale tu waliokuwa wamejengwa titi baada ya saratani. Waliofanya kwa ajili ya urembo waliambiwa wajilipie. Nakutajia hili ili ujue mapema: hata pale ambapo kosa ni la mtu mwingine kabisa, watu huwa wepesi kumwachia mgonjwa wa urembo gharama. Ni mawazo yaleyale ya mumeo, yakiwa yamevaa suti.

Kuhusu pa kupeleka lalamiko, zipo njia mbili na zinafanya kazi tofauti. Baraza la Madaktari Tanganyika, lililo chini ya sheria ya mwaka 2017, linamchunguza daktari na linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Kupeleka lalamiko huko hakuhitaji wakili. Kwanza hakikisha jina lake limesajiliwa, na limesajiliwa kama bingwa wa upasuaji upi. Nimeshawahi kukuta aliyenyonya mafuta hana usajili wa ubingwa wowote wa upasuaji, na shauri lile liliisha kwa wiki tatu. Fidia lakini inatolewa na mahakama. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la uzembe lina miaka mitatu na dai la mkataba miaka sita. Una muda, ila usiuchezee. Kikwazo chako kikubwa kitakuwa shahidi mtaalamu: madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi nchini ni wachache na wanafahamiana wote. Anza kumtafuta mapema, hata Nairobi.

Usikimbilie kuposti. Najua hasira, na najua picha zako zingewatikisa. Lakini neno moja lililozidi ukweli linakugeuza wewe kuwa mdaiwa wa kashfa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ipo. Picha zipige, uzitunze: mchana, mwanga wa dirishani, umesimama, mbele na pande zote mbili, mara moja kila mwezi, na futi ya fundi cherehani ikionyesha umbali wa kovu kutoka kitovuni kila upande.

Jambo moja zaidi kabla ya barua. Wakiona umekomaa, watakuita wakupe punguzo au marekebisho ya bure, na mezani kutakuwa na karatasi yenye maneno kama "nimeridhika na sina madai mengine". Marekebisho yakubali, ikiwa daktari mwingine uliyemwona wewe amesema yanafaa na muda wake umefika. Wengi husubiri mwaka upite ndipo waguse kovu tena. Mahakama pia inatarajia mtu apunguze hasara pale anapoweza. Karatasi ile usiisaini kabla ya upasuaji wa pili kupona.

Sasa andika barua kwa mganga mfawidhi wa kliniki, ukurasa mmoja, bila matusi. Omba nakala ya faili lako lote: picha za kabla, maelezo ya upasuaji, fomu ya ridhaa, karatasi ya kuruhusiwa. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kupata taarifa zako mwenyewe. Omba mchanganuo wa ile milioni tatu na nusu. Nukuu ujumbe wa WhatsApp neno kwa neno pamoja na tarehe yake. Wape siku 14, na umalizie kwa maneno haya: "Naandika haya bila kuathiri haki zangu nyingine." Ipeleke mwenyewe, wagonge muhuri kwenye nakala yako, na mwombe mumeo akusindikize.